Povu Lililopoa

Tata Ngendo hajawahi kuiona bahari, na hana haja nayo. Anasema maji yasiyonyweka na yasiyomwagilia sukuma wiki ni maji ya kujionyesha tu. Maji aliyoyazoea ni ya mto Chania, ambayo angalau yana kazi ya kufanya, na hata hayo huyatazama kwa jicho la kushuku. Kwa hivyo nikikuambia kwamba mwaka huu mwanamke huyo wa miaka hamsini na sita, mkazi wa Landless, Thika, ameisahihisha bahari ya watu wa mbali, usidhani nimekunywa kitu. Nilikuwepo. Nilikuwepo kiasi cha kukaribia kumharibia.

Yeye ni dada mdogo wa mama yangu, na kwetu dada ya mama ni tata. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha wafugaji nje kidogo ya Thika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa amesimama nyuma ya meza ya simiti, koti jeupe limefungwa hadi kidevuni, anawangoja wakulima na mitungi yao. Wakulima wetu ni watu wa kanisa, lakini wape mtungi na barabara mbovu uone watakavyokumbuka dhambi zote. Kuna aliyepanda pikipiki akautikisa mtungi makusudi ili povu lijae hadi shingoni. Kuna aliyechanganya maziwa ya jana jioni na ya leo asubuhi, halafu akaapa kwa kaburi la mama yake, na mama yuko nyumbani anapepeta maharagwe.

Tata alikuwa na dawa ya wote wawili. Wa kwanza alimwekea mtungi kando na kumwambia angoje povu lishuke, hata kama lingeshuka saa tatu. Wa pili alimpima kwa mgongo wa mkono. Alifunua mtungi, akagusisha mgongo wa mkono kwenye povu, basi. Povu la ng'ombe aliyekamuliwa sasa hivi ni vuguvugu. La jana limepoa. Mambo ya usafi tuyaache, hakuna aliyekufa.

Aliyepatikana na ya jana hakufukuzwa. Tata aliumwaga mtungi wote kwenye mtaro, mbele ya foleni nzima, polepole, bila tusi hata moja. Kisha alimrudishia mwenyewe mtungi mtupu na kumwambia, "Kesho uje na ya leo." Nasikia wanaume wazima walilia. Karibu wote walirudi kesho yake.

Baadaye watu waliuza ng'ombe, mashamba yakakatwa ploti, na kituo kikafungwa. Tata akakaa nyumbani miaka miwili. Hilo sitalifanyia mzaha. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, anaketi kitini na kungoja kupambazuke, na kukishapambazuka hana la kufanya. Siku moja nilimkuta ameweka mgongo wa mkono kwenye pakiti ya maziwa ya dukani, haijafunguliwa hata, na hakujua kama nimemwona. Nilirudi kwangu Witeithie nikiwa na uchungu, na mimi nikiwa na uchungu huwa najiingiza katika mambo ya watu. Ndivyo nilivyomwingiza kwenye mawimbi.

Mimi naitwa Maxine, na kazi yangu ni kufundisha kompyuta kuona. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu kanisani. Ukweli ni kwamba naketi kwenye sebule ya nyumba ya vyumba vitatu huko Membley, Ruiru, mimi na wenzangu kumi na watano, tunapaka picha rangi. Mwaka jana tulipaka taa za barabarani. Kabla ya hapo zilikuwa nyanya zilizooza. Mwaka huu mteja akaleta mawimbi. Mahali fulani ng'ambo kuna ufuo, kwenye ufuo kuna mnara, na juu ya mnara kuna kamera inayoipiga bahari picha mchana kutwa. Kazi yetu ilikuwa hii: penye wimbi linalovunjika, paka nyekundu. Kompyuta ikishaona picha za kutosha itajua yenyewe mawimbi yanavunjikia wapi, na kutokana na hilo itakisia kina cha maji, kwa sababu wimbi huvunjika likifika mahali maji yamepungua. Yote hayo bila mtu kulowa nguo.

Mkubwa wetu ni Kinuthia, kijana wa makoti ya kubana ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mteja jambo. Kinuthia hakuwa na njia ya kujua nani amepaka sawa, maana hata yeye bahari aliiona mara moja tu, alipoenda fungate, na mvua ilinyesha wiki nzima. Kwa hivyo alibuni alama. Picha moja walipewa watu watano, na alama yako ilikuwa kadiri unavyofanana na wenzako. Wengi wape, alipenda kusema, na kwake methali hiyo ilikuwa sayansi kamili.

Ndani ya wiki moja tulikuwa tumeelewana, bila kikao, kwamba cheupe chote ni wimbi. Unachukua brashi kubwa, unafagia kila penye weupe, unaenda picha nyingine. Sote tulikuwa na tisini na saba. Kagwe, anayeketi karibu na dirisha, aliwahi kufagia wingu na bado akapata tisini na sita, kwa sababu na wale wanne wengine walikuwa wamelifagia.

Tata aliingia humo na koti lake jeupe. Nilimwambia halihitajiki, akanijibu kwamba kazi ni kazi. Akapewa nambari kumi na saba, kiti chenye gurudumu moja bovu, na picha ya kwanza. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha, Mungu ni shahidi, akanyoosha mkono na kugusisha mgongo wake kwenye kioo cha kompyuta. Sebule nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo tu, ili nisionekane ndugu yake.

Alipoanza kupaka, alipaka mstari mwembamba pale mbele ambapo wimbi linapinduka, na weupe wote uliobaki nyuma akauacha. Kabla ya kupaka alifungua picha iliyotangulia na picha iliyofuata, akazilinganisha, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya kwa kuwa linachelewesha. Nilimnong'oneza kwamba amesahau kupaka nusu ya wimbi.

"Hii ya mbele ndiyo inavunjika," akaniambia. "Hiyo ingine ni povu imebaki. Wimbi ilishapita ikaenda zake. Hiyo ni povu ya jana, Maxine."

Nilimweleza kwamba kompyuta haijui jana wala leo. Akaniuliza, basi ni nani atakayeiambia.

Na palikuwa na sehemu moja, upande wa kushoto wa ule ufuo, iliyomkosesha raha. Huku na huku mawimbi yalivunjika vizuri tu. Pale katikati halikuvunjika hata moja. Povu tu lilipita, tena likielekea baharini badala ya kuja nchi kavu. Sisi tulipafagia nyekundu kama kwingine. Tata alipaacha patupu, picha baada ya picha. Alisema povu likitembea kinyume, lazima kuna kitu kinalibeba, na kitu hicho yeye hakipaki rangi kabla hajakijua.

Baada ya wiki tatu alama yake ilikuwa hamsini na nane. Kinuthia alikuja na kompyuta yake ndogo mkononi na kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mathe, watu kumi na sita wanaona kitu moja, wewe unaona ingine," akasema. "Sasa ni nani ako na shida?"

"Ni hao kumi na sita," Tata akamjibu, bila kugeuka.

Kagwe alikohoa ili asicheke. Kinuthia hakukohoa. Alimpa hadi Ijumaa: awe na tisini katika picha zake za Jumatano na Alhamisi, la sivyo arudishe nambari na aende nyumbani. Tata akasema sawa, kwa sauti ileile aliyowaambia wakulima kwamba povu litashuka tu.

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Wiki hizo tatu nilikuwa nimemwona tata wangu wa zamani akirudi. Alikuwa ameanza tena kugombana na majirani, ishara nzuri ya afya. Alikuja kazini na mayai ya kuchemsha ya kumtosha kila mtu na kumshurutisha Kagwe ale, ati shingo yake ni nyembamba. Wazo la kumrudisha kwenye kile kiti cha Landless, avae alfajiri angoje kupambazuke, lilinitia hofu. Nilimsihi. Nilimwambia apake tu kama wengine, siku mbili, bahari yenyewe si yake. Akanitazama kana kwamba nimempelekea mtungi wenye maji.

"Nikipitisha povu leo," akasema, "kesho nitapitisha maji."

Basi nikaamua kumsaidia kwa lazima. Neno lake la siri lilikuwa Nyakairu, jina la ng'ombe wake wa zamani, na si mimi pekee niliyelijua, kwani alikuwa akilitamka kwa sauti kila akilichapa. Wiki hiyo alitoka saa kumi kamili ili awahi maombi kanisani kwao, ambako, nilikuja kugundua, alikuwa ameandikisha jina langu ili niolewe. Mimi hutoka saa kumi na moja. Jumatano, yeye akiwa ananiombea mume, niliingia kwenye nambari kumi na saba na kuzifagia picha zake zote za siku hiyo kwa brashi kubwa. Mistari yake membamba, aliyoikazia macho tangu asubuhi, ilizama chini ya rangi yangu moja baada ya nyingine. Alhamisi nikarudia. Nilijiona shujaa. Nilijinunulia hata soda.

Ijumaa asubuhi alama ilisoma tisini na tatu. Kinuthia alimpa mkono mbele ya watu wote. Tata aliiangalia ile namba muda mrefu, halafu uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeitarajia. Hakushuku kitu. Yeye alidhani ni sisi tuliobadilika. Alidhani watu kumi na sita wameanza kuliona povu. Alimgeukia Kagwe na kumuuliza kama naye sasa analiacha la nyuma, na Kagwe, ambaye hakujua anaulizwa nini ila amelelewa kwa adabu, akasema ndiyo. Tata alitoka nje, akarudi na mandazi ya sebule nzima, akatushukuru kwa kumsikiliza. Nilikula mawili.

Jumatatu saa nne tukaitwa mbele ya runinga kubwa. Mteja alitaka kuzungumza nasi. Tulitarajia mzungu, akatokea Daktari Selpha, mtu wa Kakamega, ambako pia bahari haijafika. Alienda ng'ambo kusomea mawimbi na akabaki huko. Alitusalimia kwa Kiswahili, akashukuru, kisha akaweka picha mbili kwenye runinga, moja kando ya nyingine.

Ya kushoto tuliijua, ndiyo ile bahari yetu nyeupe. Ya kulia ilikuwa ya kijivu. Alieleza kwamba kwenye ule mnara kuna kamera ya pili ambayo haikuwa imetajwa kwetu. Hiyo haijali weupe. Hiyo inaona joto. Wimbi linapovunjika, alisema, povu lake jipya huonekana lina joto, na hapo kamera huchora mstari unaong'aa. Povu likibaki nyuma, kwa sekunde chache tu linapoa hata kuliko maji yaliyo chini yake, na kamera huliona jeusi. Kwa macho ya kawaida yote mawili ni meupe. Ukiyapima joto, moja ni la sasa na lingine limekwisha.

Nilimsikia Tata akivuta pumzi nyuma yangu.

"Hiyo kamera," akasema taratibu, "imechukua mkono yangu."

Hakuna aliyecheka. Daktari Selpha aliweka juu ya ile picha ya kijivu rangi nyekundu ya watu kumi na sita, na ikaonekana kama mtu amemwaga supu ya nyanya. Kisha akaweka rangi ya nambari kumi na saba. Mistari ikakaa juu ya mistari. Akatuonyesha pale upande wa kushoto, mahali pasipovunjika wimbi. Alisema pale pana mkondo wenye kina, unaotoka ufuoni na kuvuta kila kitu kwenda nje, povu na watu pia. Waogeleaji hupachagua kwa sababu panaonekana pametulia. Ramani itakayotoka kwenye kazi yetu inaenda kwa walinzi wa ufuo, na sisi kumi na sita tulikuwa tumeichora sehemu hiyo kuwa maji mafupi ya kuchezea watoto.

Kinuthia alianza kusema kwamba ubora ndio nguzo yetu. Daktari hakumngoja amalize.

"Nina swali moja," akasema. "Wiki tatu nambari kumi na saba hajakosea. Jumatano na Alhamisi zilizopita amepaka kila kitu, hata ule mkondo. Siwezi kujenga ramani juu ya mtu anayeona leo na kesho haoni. Ni nini kilitokea?"

Akaziweka zile picha za Jumatano. Nyekundu tupu. Tata alisogea hadi mbele ya runinga, koti lake jeupe likaziba nusu ya bahari. Alizitazama moja baada ya nyingine.

"Hiyo si kazi yangu," akasema.

Kinuthia aliharakisha kueleza kwamba kila mtu ana neno lake la siri, kwamba mathe ni mtu mzima, kwamba pengine alichoka, na kwamba kampuni iko tayari kumbadilisha leo hii na kuweka mtu mwingine. Tata hakumsikiliza. Alikuwa akiangalia ule mkondo uliofagiwa, na nikajua kwamba katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwambia amepitisha maziwa ya jana.

Ningependa kusema nilisimama mara moja. Sikusimama. Niliwaza kwanza kuhusu kazi yangu, kisha kuhusu mama yangu na yale atakayosema, kisha kama kuna namna ya kumsingizia Kagwe. Niliwaza kuhusu Kagwe kwa muda usiopendeza kuutaja. Halafu nikakumbuka mandazi.

"Ni mimi," nikasema. "Niliingia kwa account yake akiwa ameenda maombi. Nilitaka alama yake ipande asifutwe. Tata hakujua. Pole, Tata."

Daktari Selpha alivua miwani na kuifuta. Akasema kwamba hilo anaweza kulifanyia kazi. Kuanzia leo, kazi ya kila mtu ipite kwanza kwa nambari kumi na saba, na lolote asilolikubali Tata lisimfikie yeye Daktari. Kinuthia, mwaminifu kwa imani yake, alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa tayari pia kunifukuza, ila akauliza kwa unyenyekevu kama mathe ana maoni.

Tata alikuja hadi kwenye meza yangu. Wote walimfuata kwa macho, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi ile foleni ya wakulima ilivyokuwa. Akaniambia nifungue kazi yangu yote tangu mawimbi yalipoanza. Nikafungua. Zilikuwa picha elfu moja mia nne na tatu. Alivuta kile kiti kibovu, akaketi, akazipitia kadhaa. Akaweka mgongo wa mkono kwenye kioo, pale penye rangi yangu, kama vile siku ya kwanza. Kisha akachagua zote na kuzifuta.

Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Alisoma swali lote, maana yeye husoma kila kitu, akabonyeza ndiyo. Namba iliyokuwa kwenye kona ya kioo ikaanza kushuka, polepole, mia kwa mia, hadi ikafika sifuri, naye alingoja hadi mwisho. Nililia. Sikulilia picha.

Akasimama, akanisukumia kibodi changu.

"Kesho uje na ya leo," akasema, akaenda kwenye meza ya Kagwe, ambaye tayari alikuwa ameshika kichwa.

Kesho yake nilikuwa mlangoni Membley kabla hata ya mwenye ufunguo. Nikawasha kompyuta, nikafungua picha ya kwanza, nikatafuta brashi ndogo kuliko zote. Sebule ilikuwa tupu, kwa hivyo niligusisha mgongo wa mkono kwenye kioo. Palikuwa na joto la kompyuta tu. Nikauondoa mkono, nikafungua picha iliyotangulia, na nikaanza kutafuta lililokuwa likivunjika.